Msimu wa Kususa

Jumatatu, 2 Machi

Tumefika. Mvua ilitupokea uwanja wa ndege ikatusindikiza hadi hotelini, na sasa inagonga dirisha la chumba changu kana kwamba nayo ina dai lake mezani. Hoteli ni kubwa na ya zamani. Zulia linanuka unyevu, na katika ukumbi wa mikutano wameweka ndoo chini ya paa linalovuja. Nchi hii haikupigana na mtu, ndiyo maana imekubaliwa kutupatanisha.

Niandike mapema kwa nini niko hapa, kabla sijaanza kujidanganya. Serikali hainipendi. Miaka yote ya vita nimeandika safu gazetini, wasomaji wakaniita Shangazi kwa jinsi ninavyowafokea, na nimewachapa adui na wakubwa wetu kwa fimbo ileile. Gazeti liliwahi kufungiwa kwa muda kwa sababu yangu. Kisha wiki iliyopita simu ikalia. Alikuwa mkuu wa msafara wetu, jenerali mstaafu ambaye kila mtu anamwita Afande, akaniambia kwa sauti ya asali, "Shangazi, nchi inakuhitaji mezani." Hesabu yake naijua. Anayepiga kelele nje ya karamu huitwa ndani apewe sahani. Mdomo ukijaa, kelele huisha. Sawa. Nimekuja, lakini sikuja kula.

Mume wa dada yangu alikuwa na duka la dawa. Katika mwaka wa pili wa vita askari walimchukua dukani mchana kweupe, mbele ya wateja, wakidai anawauzia dawa upande wa pili. Hawakuwa askari wa adui. Walikuwa wetu. Shemeji hajaonekana tena. Wako wengi kama yeye, huku na kule, na kila upande unajua ulipowafukia wa kwake. Nataka mkataba huu uwe na kifungu kimoja: aliyechukua mtu aonyeshe alipo. Mipaka, mito na bendera wagawane wanavyopenda.

Jumatano, 4 Machi

Meza mbili ndefu zinatazamana, na ya tatu, fupi, imeziunganisha upande mmoja. Hapo anakaa Msuluhishi, mama mtu mzima mwenye shali ya sufu na subira ya mtu aliyelea mapacha. Mkuu wa upande wa pili ni mhandisi mwembamba. Kabla ya vita alijenga madaraja. Vita ilipoanza akayalipua. Anamenya chungwa kwa kisu kidogo bila ganda kukatika, na hilo pekee linatosha kunifanya nisimwamini.

Tumepoteza siku mbili kwa jambo moja: nani ataanza kusema ndiyo. Wao hawataki kusikika kwa watu wao wakimkubalia adui. Sisi pia. Kukataa kila mtu anaweza, ila kukubali kumegeuka tusi. Mwishowe Mama Msuluhishi akaweka karatasi zake chini akasema, "Basi wanangu, msiseme."

Ndipo kanuni ikazaliwa. Yeye atasoma kifungu, kisha atauliza mara tatu, "Kuna neno?" Mjumbe yeyote aliyekaa mezani akisema analo, kifungu kimepingwa. Wote wakinyamaza, kimepita. Asiyekuwepo hasimamishi usomaji, vinginevyo kila upande ungetoroka kila siku. Na kifungu kilichopingwa hakiwezi kurudi kupitishwa kwa ukimya: wakuu wawili watalazimika kukikubali kwa vinywa vyao wenyewe, milango ikiwa wazi na waandishi wa habari wakiwa ndani.

Wakili wa msafara wetu, mcheshi mmoja mwenye tai nyekundu, akaninong'oneza, "Shangazi, hatimaye nimeona sheria inayokuomba wewe unyamaze."

"Itazoea," nikamwambia.

Kila mtu anaitazama mvua. Barabara za mpakani ni tope tupu, magari ya vita ya pande zote yamezama na hayaendi mbele wala nyuma. Karatasi ya kusitisha mapigano imetiwa saini, lakini kinachozuia vita ni tope. Mvua ikikatika kabla hatujamaliza, hakuna anayehitaji kuambiwa kitakachofuata.

Alhamisi, 5 Machi

Hotuba asubuhi, hotuba mchana, mvua kutwa. Mvua ilikuwa na hoja zaidi.

Jumatatu, 9 Machi

Leo tumesusa, na nimefurahi kama mtoto.

Upande wa pili walitundika ramani ambayo mji wetu wa mashariki wameuandika kwa jina lao. Afande akaitazama, akachukua kifuniko, akaifunika kalamu yake, akasimama. Hiyo ndiyo ishara yetu: kalamu ikifunikwa, wote tunasimama. Tukatoka kwa mstari, viti vikikwaruza sakafu. Nje walikuwepo waandishi, na Afande akanisogeza mbele taratibu. "Sema nao, Shangazi." Nikasema nao, na nilisema hasa. Niliwaambia kwamba mtu asiyejua jina la nyumba yako hana la kukuuliza kuhusu ujirani. Nasikia nyumbani watu walipiga makofi kwenye kila duka lenye redio.

Watu wetu tunapenda kususa. Mtoto wetu akikosewa hasusi chakula tu, anasusa hadi harufu yake. Harusi isiyo na mjomba aliyesusa tunaiona haijatimia. Sioni aibu kwa hilo. Mnyonge akikosa bunduki kubwa bado ana mgongo, na mgongo ukigeuzwa mbele ya mkubwa nao unasema.

Ijumaa, 13 Machi

Dada alipiga simu kutoka dukani.

"Mdogo wangu, nimekusikia redioni. Ulikuwa unamfokea nani tena?"

"Adui, dada."

"Adui yupi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mume wangu wamemfikia?"

"Bado. Habari za waliopotea ni kifungu cha mwisho."

"Cha mwisho," akarudia. Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza dawa ya macho. "Haya. Vyakula vya hoteli usivile sana, utapata presha." Akakata.

Jumanne, 17 Machi

Wameongeza ndoo ukumbini. Mjumbe mmoja wa upande wa pili aliteleza akaanguka, na sisi sote tukatazama dari ili tusionekane tukicheka.

Ijumaa, 20 Machi

Tumesusa tena. Viti vyetu vilikuwa vifupi kuliko vyao. Vilikuwa vifupi kweli, magoti yangu ni shahidi. Nilitoa hotuba mlangoni kuhusu usawa, na haikuwa mbaya.

Tuliporudi baada ya viti kubadilishwa, kifungu cha wafungwa kilikuwa kimeshasomwa na kupita: wagonjwa na majeruhi watarudi kwanza, wazima wasubiri hadi mwakani. Afande alikuwa ameahidi redioni, mbele ya kina mama, kwamba wote watarudi pamoja, siku ileile.

"Bahati mbaya," aliniambia, akifuta miwani. "Lakini dharau ile tungeivumiliaje?"

Nikakubaliana naye. Hasira ina gharama zake.

Alhamisi, 26 Machi

Leo tumegawiwa rasimu ya kifungu cha mwisho. Kinaitwa msamaha wa jumla. Matendo yote ya askari wa pande zote mbili wakati wa vita yamesamehewa, "na hakuna atakayeulizwa." Kuhusu waliopotea hakuna hata nusu mstari.

Nilimkuta Afande kwenye chumba cha kulia, anakula mayai.

"Shangazi, kaa kwanza. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Unaganga kidonda gani usichotaka kukifunua?"

"Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu akiwa ndiye mwenye kombe?"

Akaacha kutafuna. Kwa kitambo nilimwona jenerali, yule aliyewahi kunifungia gazeti. Kisha tabasamu likarudi mahali pake. Akaweka uma chini, akaweka mkono kifuani.

"Nakuahidi, Shangazi. Kifungu hiki hakitapita mimi nikiwa nimekaa pale."

Nikamshukuru. Nilimshika hata mkono.

Jumatano, 1 Aprili

Vitabu nilivyosoma vingenijengea ngazi ya kufika darini, na bado nilihitaji mlango usiofungwa vizuri ndipo nielewe.

Leo wahudumu waliwamiminia chai upande wa pili kabla yetu. Chai. Afande akafunika kalamu, tukasimama, viti vikakwaruza, nikasukumwa mbele ya waandishi kama kawaida. Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri kuhusu heshima ya taifa nilipomsikia Mama Msuluhishi ndani, kupitia mlango uliobaki wazi kidogo, akisoma kifungu cha kilima. Ni kilima cha mpakani ambacho Afande aliapa redioni kwamba ama kitabaki chetu ama yeye atazikwa juu yake.

"Kuna neno?"

Niligeuka kumtazama Afande. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kwa kinyozi, anangoja zamu iishe.

"Kuna neno?"

"Afande," nikasema, "wanasoma kilima."

"Endelea na waandishi, Shangazi. Unakwenda vizuri."

"Kuna neno?"

Kilima kikaenda.

Nilimkamata Wakili kwenye ngazi, nikamshika ile tai yake.

"Ulijua?"

"Shangazi, kujua ni kazi yangu. Kusema ni kazi yako."

"Nijibu kama mtu mzima."

Akatazama juu na chini ya ngazi. "Haya. Kilima kile hatuwezi kukishika, askari wamechoka. Lazima kiende. Lakini nani atarudi nyumbani aseme ndiye aliyekitoa? Sasa hakuna. Tulikuwa nje, tumekasirika. Na wao hufanya hivyohivyo. Wiki iliyopita walisusa kwa sababu ya bendera, kifungu cha mto kikapita. Unafikiri walishindwa kuvumilia bendera?"

"Na mimi mnanitumia kwa nini?"

"Afande akitoka mwenyewe kwa ajili ya kikombe cha chai, watu watacheka. Ukitoka wewe, wanaamini." Akaitoa tai yake mkononi mwangu kwa upole. "Wewe ndiye hasira yenyewe, Shangazi. Sisi wengine tunaazima."

Nimewahi kuitwa kichaa, mchochezi, mwanamke asiye na breki. Sikuwahi kuitwa pazia. Nimeinoa hasira hii tangu nikiwa msichana, nimeilisha vitabu nilipokosa pesa ya kujilisha mwenyewe, na mtu mmoja mwenye miwani safi ameitundika dirishani ili majirani wasione anachofanya ndani.

Na ahadi yake naikumbuka neno kwa neno. Kifungu hakitapita yeye akiwa amekaa pale. Hakudanganya. Siku hiyo atakuwa amesimama nje, na mimi nitakuwa mbele yake, napiga kelele.

Ijumaa, 3 Aprili

Sikusema kitu kutwa nzima. Wenzangu waliniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwambia dada yote. Nimemwambia pia kwamba najiuzulu, narudi nyumbani kuandika safu itakayowaunguza hadi nyusi.

"Ukijiuzulu si ndiyo umesusa tena?" akasema.

Akaendelea, huku nikisikia anahesabu vidonge kwenye bakuli.

"Siku waliyomchukua, jioni yake mama mmoja alileta mtoto ana homa. Nilikuwa nimekaa chini, pale alipokuwa amesimama yeye. Nikainuka nikampa dawa. Ningefunga duka nisuse, ningemsusia nani? Kaa hapo, mdogo wangu. Kukaa nako ni kazi."

"Dada, unataka wafungwe?"

"Zamani nilitaka wanyongwe. Nikachoka. Sasa nataka mtu aje aniambie ni wapi. Basi."

Nilikuwa nimejiandaa na mengi kuhusu haki na historia ya mataifa. Hayakutumika.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua imepungua. Inanyesha asubuhi, mchana inasahau.

Mhandisi alinikuta kwenye ukumbi mdogo wa chini, ambako watu huanika miavuli.

"Shangazi, nimekusoma vita nzima. Ulinitukana vizuri."

"Sikuwa nimemaliza."

Akatabasamu, kisha akaacha. "Nimeona umenyamaza, na mtu kama wewe akinyamaza ni wa kuogopwa. Unachokiwaza usikifanye. Kifungu kile kikipingwa, askari wangu watasema nataka kuwakabidhi, wenu watasema hivyohivyo. Barabara zinakauka. Wanangu wawili wako pale darajani, mstari wa mbele."

"Unajua walipo, basi."

"Nimekuambia, darajani."

"Dada yangu angetoa macho yake yote mawili ili aweze kusema kitu kama hicho."

Akahamisha chungwa lake kutoka mkono huu kwenda ule. "Daraja halijengwi kwa kufukua mto mzima," akasema hatimaye.

"Linajengwa kwa kuchimba hadi ukutane na mwamba. Nimesoma kwenye vitabu vyenu."

Akacheka bila kutaka, akaondoka. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia kabla hajacheka.

Sasa niseme kweli, maana hapa hakuna wa kumpigia hotuba. Naogopa. Anaweza kuwa sahihi. Wapo watu wazima wenye akili watakaosema afadhali mifupa ibaki ilipo kuliko kuongeza mingine, na siwezi kuwaita waoga. Lakini nimesoma mikataba mingi ya amani iliyoandikwa na waliotaka kusahau, na najua vita gani iliifuata. Watoto wa wasioulizwa hukua wakijua kwamba kuulizwa hakupo. Kuna ile methali ya tembo na nyasi ambayo kila mzungumzaji hapa ameshaitoa, wengine mara mbili, kwa sauti ya huruma. Nimeichoka. Imetungwa na tembo.

Jumanne, 14 Aprili

Jua kutwa. Ndoo zimekauka. Hakuna aliyefurahi.

Ijumaa, 17 Aprili

Tulipoingia asubuhi kifungu cha mwisho kilikuwa mezani, na katikati ya meza kulikuwa na maua mekundu na meupe. Ni rangi za bendera ya upande wa pili. Ni rangi za maua pia, tangu dunia iumbwe. Afande aliyatazama muda mrefu, na nilimwona akitafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Akaipata. Akafunika kalamu.

Wote wakasimama. Mimi sikusimama.

Wakili akanigusa bega. "Shangazi, tunatoka."

"Nendeni."

"Shangazi." Huyu sasa alikuwa Afande, yuko mlangoni tayari.

"Afande, nimeyaangalia maua haya tangu asubuhi. Sijaona kosa lake."

Kunifokea hakuweza, waandishi walikuwa upande wa pili wa mlango. Kurudi kukaa hakuweza pia, maana kamera zilikuwa zimeshamwona na uso wa hasira, na uso ule ukishauvaa mbele ya watu huuvui upesi hivyo. Alisimama kwenye kizingiti kama mtu aliyebanwa na koti lake. Kisha akatoka, kwa sababu ndicho alichokuja kufanya.

Viti vilikuwa vitupu kulia kwangu na kushoto kwangu. Upande wa pili walikuwa wamekaa wote, wametulia kama watu walioambiwa mapema. Mama Msuluhishi alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akasoma. Alisoma polepole hadi mwisho, "na hakuna atakayeulizwa."

"Kuna neno?"

Mdomo wangu ulikauka. Mimi, ambaye nimeitwa kila jina linaloanzia mdomoni. Mhandisi alikuwa ananitazama, akitikisa kichwa taratibu, na haikuwa ishara ya adui. Ilikuwa ya baba. Niliona daraja ambalo sijawahi kulifikia, na vijana wawili juu yake.

"Kuna neno?"

Nilijiambia: ukisema, wanaweza kufa watu. Usiposema, waliokufa watakuwa hawakuwahi kuchukuliwa na mtu. Hakuna njia ya tatu iliyokuja, ingawa niliingoja. Mama Msuluhishi naye aliingoja pamoja nami. Nadhani hakuwahi kunyamaza muda mrefu vile kati ya swali na swali.

"Kuna neno?"

"Lipo," nikasema.

Sikufoka. Nilisema kwa sauti ambayo ningetumia kuomba chumvi. "Sipingi msamaha. Lakini mtu humsamehe aliyesema alichofanya. Tusiyejua alichofanya hatumsamehi, tunamsahau tu, na yeye anajua hivyo. Aliyechukua mtu aje aonyeshe alipo, kisha asamehewe aende zake, na mimi nitamfungulia mlango kwa mkono wangu. Asiyeonyesha asipewe."

Mhandisi akafumba macho. Mama Msuluhishi akaandika, akafunga jalada.

"Kifungu kimepingwa."

Jumamosi, 18 Aprili

Wamenivua kitambulisho.

"Umetuuza," alisema Afande. Sauti ya asali ilikuwa imekwisha.

"Nilikaa tu, Afande."

"Mtu akifa pale mpakani, damu yake ni yako."

Neno hilo nililishusha ngazi pamoja na begi langu. Nimepanga chumba mjini juu ya kiwanda kidogo cha fundi cherehani. Cherehani zinanguruma chini ya miguu yangu, na naona afadhali.

Jumatatu, 20 Aprili

Magazeti ya nyumbani yamefika. MSALITI, kwa herufi kubwa kama mabango ya sabuni. Gazeti langu mwenyewe limeweka picha yangu, iliyopigwa kupitia mlangoni, nimekaa peke yangu kati ya viti vitupu. Mhariri amepiga simu, ananitaka niombe radhi kwa maneno machache. Nilimpa moja: "Siombi."

Jumatano, 22 Aprili

Risasi zimesikika darajani. Redio haisemi nani alianza. Majeruhi wapo, na kuna askari wa upande wa pili ambao hawajulikani walipo. Fundi cherehani aliniletea uji nikaushindwa.

Nimekaa na redio kutwa. Ikirudi vita, sitasema sikujua. Nilijua, nikasema, na ningesema tena, na natamani nisingelazimika. Yote manne ni kweli na hayapatani, na leo sina nguvu ya kuyapatanisha.

Ijumaa, 24 Aprili

Wakili amekuja. Tai ilikuwa mfukoni. Alikaa kwenye kitanda changu kwa sababu kiti kilikuwa na redio.

"Imekwisha," akasema. "Wamekubali. Cha kwako."

"Nani amekubali?"

"Ngoja niseme kwa mpango. Juzi, risasi zilipolia, mtoto mmoja wa Mhandisi alipotea. Mchana kutwa na usiku kucha hakuna aliyejua alipo. Akapatikana jana kwenye shamba la mtu, amejificha kwenye mahindi, mzima. Mhandisi alikuwa anatembea pale kwenye miavuli, anakwenda anarudi. Leo milango imefunguliwa, kamera ndani, Mama Msuluhishi akasoma kile cha 'hakuna atakayeulizwa,' akawageukia wakuu watamke. Mhandisi akasema sitamki hicho. Akasema, sisi tutaonyesha makaburi ya kwetu kama nyinyi mtaonyesha ya kwenu. Anayeonyesha asamehewe, asiyeonyesha ajitetee."

"Na Afande?"

"Aliomba maji. Akanywa. Sasa atasema nini? Aseme hapana, nchi nzima isikie kwamba ana makaburi ya kuficha? Akatafuta kifuniko cha kalamu." Wakili alicheka hadi akashika ubavu. "Shangazi, nilikuwa nimekikalia. Sikukusudia. Basi akakohoa. Mama Msuluhishi akamwambia, 'Mwanangu, kikohozi hakimo kwenye kanuni.' Ndipo akasema ndiyo. Kwa mdomo wake. Kwa redio zote."

Nilitaka kusema kitu kikali, cha kukumbukwa. Nikamuuliza kama amekula.

Jumatatu, 27 Aprili

Wametia saini. Sikualikwa. Nilisikiliza pamoja na fundi, na yeye akasimamisha cherehani zote.

Alhamisi, 21 Mei

Niko dukani kwa dada. Gazeti limenifukuza, na mitaani wako wanaonisalimia na wako wanaovuka barabara. Nabeba maboksi, nafuta rafu. Dada anasema sijui kufuta.

Asubuhi aliingia mwanamume wa makamo. Nguo zake zilikuwa za kiraia, lakini alisimama kama wanavyofundishwa kusimama. Aliangalia dari, akaangalia mizani, kisha akanitambua.

"Shangazi. Nilitaka nizungumze na wewe kwanza. Wewe ndiye uliyesema kwamba mtu akija..."

"Huyo si mwenyewe," dada akasema kutoka nyuma ya kaunta. Hakuinua sauti. "Mwenye mtu ni mimi. Sema na mimi."

Akasema. Ni kwenye machimbo ya kokoto, ng'ambo ya tanuri la matofali. Wako wengine pia. Alikuwepo, hakuwa peke yake, na majina ya wenzake atayataja. Alisema hayo yote akiangalia mikono ya dada, ambayo ilikuwa juu ya kaunta. Kisha akasema kwamba kesho angeweza kutafuta gari.

"Kesho ya nini?" dada akasema.

Alivua koti lake jeupe, akanikabidhi pamoja na funguo. Nilikuwa nimeshatangulia mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Dada, siwezi kukuacha uende na mtu huyu..."

"Baki na duka. Mteja akija na cheti cha daktari usichokielewa, mwambie arudi kesho. Na usibishane na watu."

Wakaondoka kwa miguu, yeye mbele, yule mtu nyuma, hadi wakakata kona.

Nikavaa koti. Linanibana mabegani. Wateja wakaja, nikauza dawa ya kikohozi, bandeji, maziwa ya unga. Mchana akaingia mama mmoja ameshika shavu, akaniangalia mara mbili.

"Si wewe yule uliyetaka kuturudisha vitani?"

"Ndiye. Umekuja kutafuta dawa ya jino au mabishano? Vyote vipo."

Akafikiri.

"Dawa kwanza," akasema, akavuta kiti.

Hadi sasa bado yupo, na naandika haya anapovuta pumzi. Dada hajarudi. Duka liko wazi.